Harry Ferguson: Fundi wa trekta aliyeponzwa na mapatano ya mdomo

MNUNUZI wa trekta iliyovushwa mto Ruvuma kutoka Mtwara kwenda Palma, Mueda au Mocímboa da Praia huwa na maswali yake ya kawaida. Atauliza nguvu za injini, hali ya matairi na kama spea zinapatikana. Wachache huzunguka nyuma na kukagua pale plau inapofungwa.

Hapo nyuma kuna mikono mitatu ya chuma, miwili chini na mmoja juu. Karibu kila trekta ya kilimo inayouzwa leo duniani inayo, iwe imetengenezwa India, Brazil, China au Japan. Mfumo huo ni kazi ya Harry Ferguson, fundi wa Ireland aliyefariki dunia mwaka 1960 na ambaye jina lake bado limeandikwa ubavuni mwa trekta za Massey Ferguson.

Ferguson alijua kuunda mashine na alijua kuiuza. Kilichomponza ni kuingia biashara kubwa kuliko zote za maisha yake kwa kupeana mkono tu, bila karatasi. Kwa wanaouziana mali kauli pande mbili za Ruvuma, historia yake inafaa kujulikana.

Mtoto wa mkulima asiyependa shamba

Henry George Ferguson alizaliwa Novemba 4, 1884 huko Growell, karibu na mji wa Dromore, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa mmoja wa watoto 11 wa mkulima mkali na mshika dini. Kazi za shamba za siku zile zilifanywa kwa farasi na mikono, na kijana huyo hakuzipenda hata kidogo. Mwaka 1902 alikwenda Belfast kujiunga na kaka yake Joe aliyekuwa na gereji.

Huko alikuta kinachomfaa. Alitengeneza magari, akashiriki mashindano ya pikipiki, kisha akajiundia ndege yake mwenyewe. Desemba 31, 1909 aliirusha umbali wa mita zipatazo 120, akawa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege nchini Ireland. Miaka miwili baadaye alifungua gereji yake mjini Belfast, na ilipoanza Vita Kuu ya Kwanza alikuwa akiuza trekta zilizoagizwa kutoka Marekani.

Mwaka 1917 serikali ilimpa kazi ya kuzungukia mashamba ya Ireland kukagua matumizi ya trekta ili chakula kiongezeke. Alitembea na fundi wake, William Sands. Walichokiona shamba baada ya shamba kiliamua maisha yake yaliyobaki.

Trekta zilizopinduka na kuua

Trekta za wakati ule zilikuwa nzito, nazo zilikokota plau kama farasi anavyokokota mkokoteni. Plau ikinasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikanyanyuka na mashine ikampindukia dereva. Watu wengi walikufa hivyo. Tena uzito wenyewe uliukandamiza udongo na kula mafuta bure.

Ferguson aliona kuwa trekta na plau vinapaswa kuwa kitu kimoja. Baada ya majaribio ya miaka mingi, alisajili hataza ya mfumo wake wa haidroli mwaka 1926. Mikono miwili ya chini huvuta plau, na ule wa juu hupokea msukumo. Udongo ukiwa mgumu, msukumo wa mkono wa juu hufungua valvu, pampu ya haidroli huinua plau kidogo, na sehemu ya uzito wa plau huhamia kwenye magurudumu ya nyuma. Wakati huohuo, mkono wa juu huisukuma trekta kwa mbele isinyanyuke.

Kwa njia hiyo trekta nyepesi ilipata mshiko wa kufanya kazi ya trekta nzito. Ferguson alimlenga mkulima mdogo, yule asiyeweza kununua mashine kubwa na aliyekuwa bado akilisha farasi kwa sehemu ya mavuno yake.

Trekta ya kwanza ya majaribio ilikamilika mwaka 1933, ikapakwa rangi nyeusi. Mwaka 1936 alianza kuuza trekta zilizotengenezwa na David Brown wa Uingereza. Zilizotoka zilikuwa takriban 1,350 tu. Wawili hao walikosana kuhusu ukubwa wa trekta na bei, na Ferguson akaanza kutafuta mwenye kiwanda kikubwa zaidi.

Kupeana mkono Dearborn

Oktoba 1938 alisafirisha trekta yake hadi Dearborn, Marekani, akaionyesha shambani kwa Henry Ford, mtengenezaji wa magari mashuhuri kuliko wote wakati huo. Ford alikwisha kutengeneza trekta za Fordson kwa maelfu, lakini mashine ya kazi kama ile hakuwa nayo.

Wakaketi, wakakubaliana. Ford atengeneze trekta, Ferguson alete ujuzi na hataza zake na asimamie mauzo. Kila mmoja angeweza kujitoa wakati wowote, kwa sababu yoyote. Hakuna kilichoandikwa wala kutiwa saini. Walipeana mikono, basi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Trekta ya Ford 9N yenye mfumo wa Ferguson iliingia sokoni mwaka 1939 kwa dola 585. Hadi mwaka 1947 trekta zaidi ya 300,000 zilikuwa zimetengenezwa. Ila waliopeana mkono walikuwa watu wawili, si kampuni mbili, na mmoja wao alikuwa mzee.

Mwaka 1945 uongozi wa kampuni ulikwenda kwa mjukuu, Henry Ford II. Hesabu alizozikuta zilionyesha kampuni inapata hasara kwenye trekta. Aliyavunja mapatano, na kufikia katikati ya mwaka 1947 Ferguson hakuwa tena na trekta za kuwapelekea mawakala wake wa Marekani. Henry Ford mzee alifariki Aprili mwaka huohuo. Muda mfupi baadaye kampuni ya Ford ilitoa trekta mpya ya 8N, ikiwa na mfumo uleule wa haidroli.

Kesi ya miaka minne

Ferguson alifungua kesi mwaka 1948 akidai zaidi ya dola milioni 250. Kwa kuwa mkataba wa maandishi haukuwepo, ilimlazimu kujenga hoja juu ya hataza zake na biashara iliyoharibiwa. Kesi ilikokotwa kwa miaka minne na kula fedha nyingi za mawakili.

Mwaka 1952 pande mbili zilimalizana nje ya hukumu. Ferguson alilipwa dola milioni 9.25 kwa ajili ya hataza, na Ford wakakubali kubadili sehemu za mfumo wao. Dai la biashara iliyopotea halikumpa kitu. Kama asingekuwa amesajili hataza mapema, huenda angetoka mikono mitupu.

Biashara yake nyingine ilikuwa imeshasimama. Mwaka 1946 kiwanda cha Standard kilichokuwa Coventry, Uingereza kilianza kumtengenezea trekta ya TE20, ndogo, ya rangi ya kijivu. Hadi mwaka 1956 zilitoka zaidi ya 500,000. Edmund Hillary alizifunga minyororo na kufika nazo Ncha ya Kusini ya dunia Januari 1958.

Mwaka 1953 Ferguson aliunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Canada. Zikabaki dola milioni moja walizoshindwa kukubaliana, wakaamua kurusha sarafu. Ferguson akashindwa. Mwaka uliofuata alijiuzulu uenyekiti, na alitumia miaka yake ya mwisho kwenye utafiti wa magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Alifariki nyumbani kwake Stow-on-the-Wold, Uingereza, Oktoba 25, 1960.

Pande mbili za Ruvuma

Wakati Ferguson akiuza trekta ndogo, kaskazini ya Ruvuma kulikuwa na jaribio la aina nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilinunua mashine kubwa zilizokwisha kutumika, nyingi zikiwa mabaki ya vita. Ziliharibika upesi, spea hazikuwepo, na udongo na ukame vikamaliza kazi. Mradi ulisitishwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Bandari ya Mtwara, inayotumiwa na wafanyabiashara hadi leo, ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo.

Upande wa pili, kwenye pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, mashamba ya mihogo, mahindi, mpunga na ufuta kwa sehemu kubwa ni madogo na yana visiki. Tangu Daraja la Umoja lilipofunguliwa mwaka 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano, mashine inaweza kuvuka Ruvuma juu ya lori bila kungoja kivuko. Vurugu zilizoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 ziliwafukuza wakulima wengi. Kwa anayerudi kuanza upya, trekta nyepesi inayofaa kwenye shamba lenye visiki ndiyo ile aliyoifikiria Ferguson.

Anayepeleka vifaa huko apime pini kabla ya kulipa. Trekta ndogo na za kati hutumia kundi namba 1, ambalo pini zake za chini zina milimita 22 na ya juu 19. Kundi namba 2 lina milimita 28 chini na 25 juu. Vile vitrekta vya bustani hutumia kundi 0, lenye pini za milimita 16. Plau ya kundi moja haiingii moja kwa moja kwenye trekta ya kundi jingine, na mzigo wa namna hiyo unaweza kulala ghalani.

Kuna pia soko la Ferguson kuukuu. Uingereza, Ireland na Australia wapo watu wanaozikusanya, kuzifufua na kuzionyesha. Huangalia kwanza kibao cha namba. TE-A20 ni ya petroli, TE-D20 ni ya mafuta ya taa ya trekta, TE-F20 ni ya dizeli, na zenye herufi TO zilitengenezwa Marekani. Huangalia kama bado inawashwa kwa kusukuma mkono wa gia, jambo ambalo Ferguson aliliweka ili trekta isiwake ikiwa kwenye gia. Hata spana yake ya asili, yenye alama za inchi za kupimia plau, hutafutwa. Kwa hiyo mnunuzi wa chuma chakavu akikuta trekta ya kijivu imeoza kwa chumvi ya bahari, asome kibao kabla ya kuwasha mtungi wa gesi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ferguson alikuwa na daftari la hataza lakini hakuwa na daftari la mapatano, naye alilipwa kwa lile alilokuwa nalo.