Quirino Cristiani: Aliyewacheka Wakubwa kwa Mkasi na Karatasi

Wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, leo tunawasimulia maisha ya mtu ambaye silaha zake zilikuwa mkasi, karatasi ngumu na uzi. Jina lake ni Quirino Cristiani, mzaliwa wa Italia aliyelelewa Ajentina. Mwaka 1917 mtu huyo alitoa filamu ndefu ya vibonzo iliyo ya kwanza ulimwenguni, miaka 20 kabla ya Walt Disney wa Marekani kutoa filamu yake ndefu ya kwanza ya aina hiyo. Tumemchagua yeye kwa kuwa maisha yake yanatufunza jambo ambalo kila avaaye sare yampasa kulipima: mzaha wa raia juu ya mkubwa wake, na hatima ya mzaha huo pindi silaha ziingiapo kati.

Cristiani alizaliwa tarehe 2 Julai 1896 katika kijiji cha Santa Giuletta, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1900, naye akiwa na umri wa miaka minne, wazazi wake walivuka bahari kwenda kutafuta maisha Buenos Aires, mji mkuu wa Ajentina, kama walivyofanya Waitalia wengi wa zama zile. Huko kijana akakua na mapenzi makubwa ya kuchora, na kabla hajatimiza miaka 20 michoro yake ya kuwakejeli wanasiasa ilikwisha kutokea magazetini.

Mwaka 1916 Ajentina ilimpata Rais mpya, Hipólito Yrigoyen, aliyechaguliwa kwa kura ya siri chini ya sheria ya mwaka 1912. Wananchi wengi walimpenda, na magazeti yalimkejeli bila kuchoka. Kwa kuwa alikuwa msiri, asiyependa kujitokeza hadharani, wakampachika jina la mnyama wa huko afananaye na kakakuona, akaaye shimoni: Peludo. Wenzetu wa polisi watapendezwa kusikia kwamba Yrigoyen huyo, katika ujana wake, alikuwa mkuu wa kituo cha polisi katika mtaa wa Balvanera, mjini Buenos Aires.

Wakati huohuo Mwitaliano mwingine, Federico Valle, alikuwa akitengeneza filamu za habari. Alitaka mchoro wa kuchekesha utakaotembea juu ya kitambaa cha sinema, akamwita Cristiani. Kijana huyo aliitazama filamu ya Mfaransa Émile Cohl, akaichunguza picha moja baada ya nyingine, kisha akabuni njia yake mwenyewe. Kuchora upya mtu mzima kwa kila picha kungalimaliza miezi. Basi yeye akamchora mtu mara moja juu ya karatasi ngumu, akamkata vipande: kichwa mbali, mkono mbali, mguu mbali, kisha akaviunganisha kwa uzi kwenye maungo. Kikaragosi kililazwa juu ya meza, kamera ikiwa juu yake. Mkono ukisogezwa kidogo, picha moja inapigwa. Ukisogezwa tena, nyingine inapigwa. Picha hizo zikipitishwa upesi, jicho la mtazamaji huona mtu anayetembea na kupunga mkono.

Njia hiyo ilikuwa na faida kwa mchora kejeli. Habari za siasa huchakaa upesi kama mkate wa jana, na anayechelewa kuchekesha hachekeshi. Vikaragosi vya Cristiani vilihifadhiwa na kutumika tena, kiungo kipya kikiwekwa mahali pa cha zamani. Hivyo aliweza kukimbizana na matukio.

Filamu yake fupi ya kwanza ilifaulu, naye Valle akaamua kutengeneza filamu ndefu. Mchoraji mashuhuri wa magazeti, Diógenes Taborda, alibuni sura za wahusika, na Cristiani akazirahisisha ili ziweze kukatwa na kusogezwa. Andrés Ducaud akajenga mfano mdogo wa jiji la Buenos Aires. Matokeo yake yakawa picha 58,000, zilizopita 14 kwa kila sekunde, filamu ya dakika 70 hivi. Jina lake lilikuwa El Apóstol, maana yake Mtume. Humo Rais Yrigoyen anapaa mbinguni, anaazima radi za Jupiter, mungu wa Warumi wa kale, kisha anaziteremsha juu ya jiji ili kulisafisha na ufisadi. Usafi wenyewe ukageuka moto ulioteketeza majengo. Filamu hiyo ilianza kuonyeshwa tarehe 9 Novemba 1917, na watu wakamiminika kuitazama. Rais aliyechekwa alibaki madarakani hadi mwisho wa muhula wake, mwaka 1922, na mwaka 1928 wananchi wakamrudisha kwa kura. Kikaragosi cha karatasi hakikumwangusha.

Filamu ya pili haikupata bahati hiyo. Mwaka 1917 ilifichuka kwamba mwakilishi wa Ujerumani mjini Buenos Aires, Luxburg, alikuwa ameshauri serikali yake kwa simu za siri kwamba meli za Ajentina zizamishwe pasipo kuacha alama, ilhali Ajentina haikuwa upande wowote katika Vita Kuu. Cristiani akaikejeli kashfa hiyo katika filamu ya mwaka 1918. Ilionyeshwa siku moja tu, kisha serikali, ikichelea mgogoro na nchi za nje, ikaikamata. Haijaonekana tena.

Baada ya hapo aliishi kwa kazi za matangazo. Kwa kitambo alizunguka mitaani usiku akiwaonyesha wananchi sinema za bure penye hewa wazi, hadi wakuu wa jiji walipomzuia kwa kuwa umati ulifunga njia.

Yrigoyen aliporudi madarakani, Cristiani alianza filamu nyingine ndefu, Peludópolis, iliyomchora Rais kama haramia aliyeiteka merikebu iitwayo Jamhuri. Kazi ikiwa haijamalizika, tarehe 6 Septemba 1930 Jenerali José Félix Uriburu aliongoza wanajeshi, akampindua Rais. Mzee huyo aliyelengwa na kejeli sasa alikuwa mfungwa katika kisiwa cha Martín García. Cristiani akalazimika kuibadili hadithi: akamwingiza jenerali anayekuja kurekebisha mambo, na Juan Pueblo, mfano wa mwananchi wa kawaida. Filamu ilitoka Septemba 1931, ikiwa na sauti, na Jenerali Uriburu mwenyewe alihudhuria. Hata hivyo haikurudisha gharama zake. Yrigoyen alipofariki dunia Julai 1933, na umati mkubwa kumzika kwa heshima, Cristiani aliiondoa filamu hiyo kwa kumstahi marehemu.

Hapo, wasomaji wetu, ndipo penye kiini cha habari hii. Kumcheka mwenye nguvu ni ujasiri, na wananchi huufurahia. Kumcheka aliyefungwa, huku ukimsifu aliyemfunga, si mzaha tena. Filamu ni ileile, mkasi ni uleule; lililobadilika ni kwamba bunduki zilikwisha kusema, na kicheko kikapoteza mahali pa kusimama.

Misiba mingine ilifuata. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa dutu inayoshika moto upesi. Moto wa mwaka 1926 katika ghala la Valle uliiteketeza El Apóstol. Moto wa mwaka 1957 na ule wa 1961 uliteketeza hazina ya Cristiani mwenyewe. Kazi yake iliyosalia nzima ni filamu fupi ya mwaka 1938 ya tumbili mtengeneza saa. Mwaka 1941 Walt Disney alipozuru Ajentina alimwalika kufanya naye kazi, lakini Cristiani akachagua kubaki na karakana yake. Alifariki tarehe 2 Agosti 1984, akiwa na umri wa miaka 88.

Njia yake haikufa. Siku hizi wanaotengeneza vibonzo vya kejeli kwa kompyuta hukata vilevile: kichwa tabaka lake, mkono tabaka lake, maungo yakifungwa kwa programu badala ya uzi. South Park, kibonzo cha Wamarekani kilichoanza kuonyeshwa mwaka 1997, kilianza kwa karatasi zilizokatwa kwa mkasi kabla ya kuhamia kwenye kompyuta.

Sisi tuliokula kiapo cha kulinda nchi tumefunzwa kumtambua adui. Tujifunze pia kutambua asiye adui. Karatasi iliyokatwa kwa mkasi haijapata kuiangusha serikali ya Ajentina. Iliyoangushwa mwaka 1930 iliangushwa na wenye sare kama sisi.