Gandhi alipokataa kuandikishwa kwa rangi

Wengi wetu tunamjua Mahatma Gandhi kwa uhuru wa India. Lakini mapambano yake yalianzia Afrika Kusini, alikofika mwaka 1893 akiwa wakili kijana.

Mwaka 1906 serikali ya Transvaal ilitaka kuwaandikisha upya Wahindi wote, hata watoto wa miaka 8. Watoe alama za vidole, watembee na cheti, na polisi waweze kuingia hadi nyumbani kukikagua. Wazungu hawakuguswa. Waafrika walikuwa tayari wakibebeshwa pasi, na hao, tuseme ukweli, Gandhi hakuwapigania wakati ule.

Septemba 11 mwaka huo, mkutanoni Johannesburg, Wahindi waliapa kukataa. Januari 1908 Gandhi akafungwa. Akiwa gerezani alipatana na Jenerali Smuts: wajiandikishe kwa hiari, naye Gandhi akaelewa kwamba sheria itafutwa. Hapo wengine wakaona amewauza. Februari 10, akienda kujiandikisha, Wahindi wenzake walimpiga hadi akazirai. Alipopata fahamu, alitoa alama zake hivyo hivyo.

Sheria haikufutwa. Agosti 16, nje ya msikiti wa Hamidia, vyeti zaidi ya 2,000 vilitiwa kwenye sufuria kubwa, vikamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa moto.