George Washington Williams: aliyeshitaki kabla ya korti kuwako

Maji yanayopita kati ya Alunguli na upande wa pili wa Kindu yanashuka mpaka Kisangani. Ni huko, wakati ule kukiitwa Stanley Falls, ndiko Mmarekani mweusi aliandika barua ya wazi kwa mfalme Leopold II, tarehe 18 Julai 1890. Jina lake George Washington Williams.

Alizaliwa 1849 kule Pennsylvania. Akiwa na miaka 14 tu aliingia jeshi kwa jina la uongo, akapigana katika vita vilivyomaliza utumwa Marekani. Baadaye akawa pasta, akasomea sheria, akachaguliwa mbunge wa jimbo la Ohio mwaka 1879. Mwaka 1889 alionana na Leopold huko Bruxelles na akamsadiki.

Kongo ilimgeuza. Alipanda mto akiuliza watu na kuandika, kazi ya avoka kabisa. Machifu walidanganywa kwa mikataba wakapoteza udongo wao. Askari waliokosa posho walinyang'anya chakula vijijini na kuchoma nyumba. Watu waliuzwa na kununuliwa chini ya serikali iliyojisifu kwamba inapinga utumwa. Williams aliomba tume ya kimataifa ije kuchunguza. Mwezi wa Septemba alimwandikia waziri wa mambo ya inje wa Marekani, na humo akashitaki serikali ya Leopold kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Tribinali ya Nuremberg, iliyohukumu wakubwa wa Ujerumani kwa kosa hilo, ilikuja miaka 55 baadaye.

Neno alilichagua vizuri. Lile la mauaji ya kimbari halikuwa limezaliwa bado. Raphael Lemkin alilitoa 1944, na mkataba wa Umoja wa Mataifa ukapitishwa 1948. Nalo linadai ushahidi mgumu: lazima ionyeshwe nia ya kuangamiza, yote au sehemu, jamii ya taifa, kabila, rangi au dini fulani. Wingi wa maiti peke yake hautoshi. Uhalifu dhidi ya ubinadamu hauulizi marehemu ni wa kabila gani. Unauliza kama raia walishambuliwa mahali pengi au kwa mpango, na ubakaji, utumwa na kufukuza watu kwao vinaingia humo. Kwa hiyo aliyeumizwa bila kabila yake kulengwa naye ana mashitaka kamili, si ya daraja la pili. Hapa Kongo, tangu sheria ya 2013, hata korti za rufaa za kiraia zinaweza kuhukumu makosa haya, si zile za kijeshi peke yake.

Williams hakuona kesi yoyote. Watu wa mfalme walimchafua jina, na kifua kikuu kikamuua huko Blackpool, Uingereza, akiwa na miaka 41. Ilikuwa tarehe 2 Agosti 1891. Kwa bahati tu, ndiyo siku ambayo leo Kongo inakumbuka wahanga wa Genocost. Leopold alikufa 1909 bila kusimama mbele ya jaji.