Imam Ad-Daraqutni, mlinzi wa majina ya wapokezi



Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tunamwangalia mwanachuoni ambaye wengi wetu hulisikia jina lake pale khatibu anapotaja chanzo cha hadithi, lakini maisha yake hayasimuliwi sana majumbani mwetu. Huyu ni Imam Abul-Hasan Ali bin Umar, aliyezaliwa Baghdad mwaka 306 Hijria, sawa na 918 Miladia, katika mtaa wa Darul-Qutn, yaani nyumba ya pamba. Ndipo akaitwa Ad-Daraqutni.

Inasimuliwa kwamba wanafunzi walikuwa wakienda kusoma kwa Sheikh Abul-Qasim Al-Baghawi, naye, mtoto mdogo, akiwafuata nyuma na mkate wenye kitoweo mkononi. Walimzuia asiingie, akaketi mlangoni akilia. Sheikh huyo alifariki mwaka 317 Hijria, kwa hiyo mtoto huyo hakuwa na zaidi ya miaka 11.

Alipokuwa kijana alihudhuria darasa la Ismail As-Saffar huku akinakili kitabu kingine. Mtu mmoja alimkemea kwamba usikivu wa namna ile si usikivu. Kijana alimuuliza sheikh alikuwa amekwisha kusomesha hadithi ngapi. Yule hakujua. Yeye akamjibu kuwa ni 18, kisha akazitaja moja baada ya nyingine, pamoja na isnadi zake, kwa mpangilio uleule.

Kumbukumbu hiyo aliielekeza hasa kwenye jambo moja zito. Mtoto yeyote wa madrasa anajua kwamba jim, ha na kha ni umbo moja linalotofautishwa na nukta, na vivyo hivyo be, nuni na ye zikiwa katikati ya neno. Wanakili wa zama zile mara nyingi waliandika kwa haraka wakaziacha nukta. Neno likabaki moja machoni, na usomaji wake ukawa mwingi. Wazee wetu wa pwani, waliokuwa wakiandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wanaufahamu usumbufu huo.

Mashaka yalizidi katika majina ya kazi, kwa kuwa wapokezi wengi waliitwa kwa kazi zao. Al-Khayyat ni fundi cherehani wa zama zile, mshona nguo kwa mkono. Al-Hannat ni muuza ngano. Al-Khabbat ni muuza majani ya kulishia ngamia. Ukiziondoa nukta, yote matatu ni neno moja. Sasa tazama: alikuwapo mpokezi aitwaye Isa bin Abi Isa, ambaye alizifanya kazi zote tatu kwa nyakati mbalimbali! Ad-Daraqutni ni miongoni mwa waliobainisha kwamba majina yote matatu ni yake. Isa huyo ni dhaifu mno katika upokezi. Asiyejua habari zake angedhani kuna watu watatu wanaoungana mkono katika riwaya moja, kumbe ni mtu mmoja asiyetegemewa. Dini ya watu ingejengwa juu ya nukta iliyodondoka.

Tena kuna Al-Jammal, mwendesha ngamia, na Al-Hammal, neno lililotupatia sisi neno hamali. Harun bin Abdillah aliitwa Al-Hammal kwa sababu, baada ya kuwa muuza vitambaa, aliipa nyuma dunia akawa anabeba mizigo kwa ujira.

Mkasa unaotuvutia zaidi ni ule wa Ibn Al-Anbari, bingwa wa lugha, aliyekosea jina la mpokezi akiwa darasani siku ya Ijumaa. Ad-Daraqutni, ambaye bado alikuwa kijana, aliona haya kumsahihisha mbele za watu. Alingoja darasa limalizike, akamweleza kwa upole yule aliyekuwa akiyapaza maneno ya sheikh. Ijumaa iliyofuata Ibn Al-Anbari aliamuru watu watangaziwe kwamba lile jina lilikosewa, kwamba kijana yule ndiye aliyezindua, na kwamba asili ya kitabu imerejewa ikaonekana yeye ndiye mwenye haki. Sisi hatujui ni yupi kati ya wawili hao wa kusifiwa zaidi.

Siku nyingine alikuwa katika sala ya sunna huku mwanafunzi akisoma karibu yake. Mwanafunzi alilikosea jina la Nusayr. Imam akaleta tasbihi. Yule akalikosea kwa namna nyingine. Basi Imam akaisoma, ndani ya sala yake, aya ya kwanza ya Suratul-Qalam, inayofunguka kwa herufi nuni, na msomaji akaelewa.

Aliyakusanya majina ya namna hiyo katika kitabu chake Al-Mu'talif wal-Mukhtalif, mbali na Sunan yake na Al-Ilal. Alisafiri hadi Sham na Misri, na huko Misri alimpata kijana Abdul-Ghani bin Said Al-Azdi, ambaye naye alitunga kitabu katika fani hiyohiyo. Baadaye Al-Khatib Al-Baghdadi na Ibn Makula waliiendeleza kazi hiyo.

Ad-Daraqutni alifariki Baghdad mwezi wa Dhul-Qa'da mwaka 385 Hijria (995 Miladia), akiwa na umri wa karibu miaka 80, akazikwa karibu na kaburi la Ma'ruf Al-Karkhi. Mwenyezi Mungu amrehemu.