Mfuko wa sufu wa Bi. Eleanor Roosevelt

Wengi wetu tunamjua Eleanor Roosevelt kwa mambo mawili. Kwanza, alikuwa mke wa Franklin Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani tangu mwaka 1933 hadi alipofariki mwaka 1945. Pili, aliiongoza tume iliyoandika Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, ambalo mwangwi wake unasikika hata katika Sura ya Nne ya Katiba yetu ya mwaka 2010. Jambo la tatu halitajwi sana, nalo ndilo ninalotaka kulizungumzia leo. Mama huyu alikuwa mfumaji. Alifuma nyumbani, alifuma ndani ya gari la moshi na ndani ya ndege, na alifuma mikutanoni mbele ya macho ya wakubwa wa dunia. Popote alipokwenda aliandamana na mfuko mkubwa wenye sindano na mabonge ya sufu.

Ninalileta jambo hili kwa sababu huku kwetu kuna dhana kwamba mwanamke anayefuma hana kazi, au hasikilizi. Nimewahi kuhudhuria semina ambapo mwenyekiti alimwamuru mama mmoja akiweke kando kitambaa alichokuwa akikifuma, ama sivyo atoke nje. Mama yule alikiweka. Wanaume wawili waliokuwa wakisinzia kwenye viti vya nyuma hawakuambiwa lolote.

Eleanor alizaliwa mjini New York tarehe 11 Oktoba 1884, katika ukoo wa matajiri. Mali haikumpa furaha. Mama yake alikuwa mrembo wa kusifika, naye hakuuficha uchungu wa kumzaa binti asiyerithi urembo huo. Kwa kuwa mtoto alikuwa mkimya na mzito wa uso, mama alimpachika jina la nyanya na kumwita hivyo hata mbele ya wageni. Mwaka 1892 mama alifariki. Mwaka uliofuata alifariki ndugu yake mdogo, na mwaka 1894 akafuata baba yake, ambaye ulevi ulikuwa umemharibu. Kabla hajatimiza miaka kumi binti alikuwa yatima, analelewa na bibi mzaa mama katika nyumba kubwa iliyojaa giza na amri.

Katika nyumba hiyo ndimo alimojifunza kazi ya sindano, tena kwa machozi. Yaya wa Kifaransa alimfundisha kushona na kuziba soksi zilizotoboka. Kisigino kisipozibwa kwa namna iliyomridhisha, yaya alichukua mkasi na kuikata ile kazi yote, tundu likawa kubwa kuliko lilivyokuwa mwanzo, na mtoto akaanza upya. Mtu angedhani kwamba aliyefundishwa hivyo angeichukia sindano maisha yake yote. La hasha! Kitu alichofunzwa kwa ukatili alikigeuza baadaye kikawa njia yake ya kuwapenda watu. Mimi hustaajabia jambo hilo kuliko hotuba zake nyingi.

Mwaka 1899 alipelekwa Uingereza, kwenye shule ya wasichana karibu na London, na huko mwalimu mkuu, Marie Souvestre, akamfungua akili. Alirejea mwaka 1902 na kuolewa na Franklin, binamu yake wa mbali, tarehe 17 Machi 1905. Walipata watoto sita, mmoja wao akafariki akiwa mchanga mwaka 1909. Katika miaka hiyo mama mkwe ndiye aliyetawala nyumba. Alichagua hata samani, na Eleanor alibaki kama mgeni kwake mwenyewe. Nadhani wanawake wengi wanaosoma safu hii hawahitaji kuelezwa zaidi.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyomtoa nje. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, mumewe alikuwa naibu wa waziri wa jeshi la wanamaji, na familia ilikuwa ikiishi Washington. Mabaharia walikuwa wakiganda kwa baridi katika bahari ya kaskazini. Eleanor akachukua kazi ya kugawa sufu bila malipo kwa wanawake waliokuwa tayari kufuma, kisha kuzikusanya nguo zilizokamilika na kuhakikisha zimewafikia wanajeshi. Ilikuwa kazi ya hesabu na daftari: nani amechukua sufu kiasi gani, nani amerejesha sweta, nani amekaa na sufu mwezi mzima bila kurudisha hata soksi moja. Mwanamke aliyekuwa akiogopa kumpinga mama mkwe alijikuta anaongoza wenzake wengi. Yeye mwenyewe alifuma bila kupumzika, kila alipoketi.

Hapa yafaa nieleze kidogo kazi yenyewe, maana wasomaji wa pwani huenda hawajapata kuvaa glavu za sufu hata siku moja. Glavu za baridi kali hazina nyumba tano za vidole. Vidole vinne hukaa pamoja katika mfuko mmoja vikipeana joto, na kidole gumba hukaa peke yake. Mfumaji huanzia kwenye kifundo cha mkono, akizungusha kwa sindano nne au tano fupi zenye ncha pande zote mbili, ili pasiwe na mshono wa kukwaruza ngozi. Pale kifundoni hufuma kwa namna ya kuvutika, upepo usipenye. Akifika usawa wa kidole gumba huvitenga vitanzi vichache kwenye uzi wa kando, huendelea na kiganja, kisha hupunguza vitanzi kidogo kidogo hadi ncha ifunge. Mwisho huvirudia vile alivyovitenga na kukijenga kidole gumba. Halafu, akiwa amechoka, huanza ya pili, ambayo ni lazima ilingane na ya kwanza. Si kazi ngumu mno, ila haitaki haraka. Anayefuma glavu za mtoto anaupima mkono wa mtoto yule kichwani mwake kwa saa kadhaa, na hawezi kufanya hivyo bila kumfikiria.

Baada ya vita aliingia katika siasa, na sindano zikaingia pamoja naye. Mwaka 1924 chama cha Democratic kilifanya mkutano wake mkuu mjini New York. Kura zilipigwa mara 103 kabla ya mgombea kupatikana, na mkutano ukapita majuma mawili. Eleanor alikuwa ameongoza kamati ya wanawake iliyoandaa madai yao, lakini wanaume wa kamati ya maazimio walifunga mlango, na wanawake wakaachwa wakingoja nje usiku kucha. Ukumbini aliketi akifuma. Mchekeshaji mashuhuri Will Rogers alimwona na kumtania, akitaka kujua kama anafuma humo majina ya watakaokatwa vichwa, kama walivyosimuliwa wanawake wa Paris wakati wa mapinduzi ya Ufaransa. Utani ule ulikuwa na ncha kali. Ukinitaka maoni yangu, wale waliomfungia mlango walikuwa na sababu ya kuziogopa sindano zile.

Miaka iliyofuata nitaipitia upesi, kwa kuwa vitabu vimeieleza. Mumewe alikuwa amepooza miguu kwa polio mwaka 1921, na Eleanor akawa miguu yake nchini. Kuanzia mwaka 1927 hadi 1936 yeye na rafiki zake waliendesha karakana ya samani huko Val-Kill, karibu na Hyde Park, ili vijana wa mashambani wawe na ufundi wa kuwalisha wakati kilimo hakilipi. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1935 aliandika makala ya magazetini siku sita kwa wiki, kazi aliyoiendeleza hadi mwaka 1962. Sisi wenye safu moja kwa wiki tunaolalamika kwamba tumechoka, tunyamaze.

Nirudi kwenye zawadi. Katika Ikulu ya Marekani Bi. Roosevelt alikuwa na kabati la Krismasi. Hakungoja Desemba. Mwaka mzima aliweka humo vitu, vingine amevinunua kwa mafundi wa mikono aliokutana nao safarini, na vingine amevifuma mwenyewe. Aliweka orodha ya nani amepewa nini na mwaka gani, ili mtu asipewe kitu kilekile mara mbili. Wajukuu walipozaliwa, na walikuwa wengi, waliufuata mkumbo huohuo wa sweta, soksi na glavu.

Atatokea msomaji atakayesema kwamba huu ulikuwa mchezo wa mke wa tajiri. Alikuwa na watumishi, alikuwa na katibu, angeweza kuagiza sweta mia moja dukani bila kuhisi pengo mfukoni. Hoja hiyo ina uzito. Mama wa Kinangop anayefuma sweta za sare za shule hafanyi hivyo kwa kuwaza mapenzi. Anatafuta karo, na saa zake zina bei. Lakini kwa kuwa Bi. Roosevelt angeweza kununua, kufuma kwake kunatuambia kitu. Pesa alikuwa nazo tele. Kilichokuwa adimu kwake kilikuwa wakati, na hicho ndicho alichokitoa. Mjukuu aliyevaa glavu zake alikuwa amevaa mkutano mmoja na nusu wa bibi yake, au safari ya gari la moshi kutoka Washington hadi New York.

Vita vya Pili vilipokaribia Marekani, alirudia kazi ya mwaka 1917 kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1941, katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York, alikuwa mgeni mkuu katika karamu ya chai ya kuhimiza wananchi wafumie jeshi. Si wote waliopendezwa. Walikuwapo waliosema kwamba mashine ingetoa sweta nyingi zaidi kwa sufu ileile, na kwamba wanawake wangefanya kazi za maana kuliko hiyo. Kwa hesabu tupu huenda walisema kweli. Lakini nchi ilikuwa imejaa akina mama ambao watoto wao walikuwa mbali, na mikono yao ilihitaji kitu cha kushika. Mashine haikuwa na jibu la haja hiyo.

Kisha likaja Azimio. Mume alipofariki mwezi wa Aprili 1945, wengi walidhani mjane angekwenda zake Hyde Park kulea wajukuu. Rais Truman alimteua katika ujumbe wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa, na wanasiasa wa ujumbe huo wakamtupa katika kamati iliyodhaniwa haina madhara, ile ya mambo ya jamii na ya kibinadamu. Miaka miwili na zaidi aliongoza mabishano kati ya Wasovieti na Wamarekani, kati ya wanafalsafa wa Uchina, Lebanoni na Ufaransa, kila mmoja na neno lake. Katika vuli ya mwaka 1948 kamati ya Baraza Kuu ilikaa vikao zaidi ya 80 mjini Paris kuijadili rasimu, takribani neno kwa neno. Wajumbe wa Kisovieti walitoa hotuba ndefu za kuwachosha wenzao. Bi. Roosevelt alisikiliza huku anafuma. Akipewa nafasi alijibu hoja moja baada ya nyingine, na hapakuwa na shaka kwamba alikuwa amesikia yote. Usiku wa tarehe 10 Desemba 1948 Azimio lilipita kwa kura 48. Hakuna aliyelipinga, ingawa nchi nane zilijizuia. Wakati ule sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa bado chini ya mkoloni, na hatukuwa na kiti chumbani. Mwaka 1960 Julius Nyerere aliketi naye katika kipindi chake cha televisheni kuzungumzia Afrika iliyokuwa mbioni kujitawala.

Mikono yenye kazi huituliza akili. Mama zetu wa Ukambani walilijua hilo zamani: wanasuka kiondo wakitembea kwenda sokoni, wanazungumza bei ya mahindi, na mtoto yuko mgongoni, wala hakuna kinachoharibika. Sisi tuliopitia shule za msingi baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 tulifundishwa kufuma, wavulana kwa wasichana, wengine wakitumia spoku za baiskeli kwa kukosa sindano. Baadaye masomo hayo yalipunguzwa kwa hoja kwamba yanawalemea wazazi kwa gharama. Ni kweli sufu ilikuwa ghali. Lakini waliopunguza hawakutuambia ni nini kitakachojaza nafasi ile, nasi tunajua kilichoijaza ni mitihani zaidi.

Eleanor Roosevelt alifariki mjini New York tarehe 7 Novemba 1962, akiwa na umri wa miaka 78. Siku tatu baadaye alizikwa Hyde Park katika bustani ya waridi, kando ya mumewe, mbele ya Rais Kennedy na marais wastaafu Truman na Eisenhower. Jiwe lililo juu ya kaburi ni la marumaru nyeupe, na mumewe ndiye aliyeacha maagizo namna litakavyochongwa. Lina majina yao mawili na miaka yao ya kuzaliwa na ya kufa.