Frances Havergal: Aliimba, Kisha Akatoa

Katika kijitabu hiki cha yubilii tumeona vyema kumkumbuka mtunzi ambaye wimbo wake wa kujitoa kwa Mungu huimbwa katika makanisa mengi hadi leo.

Frances Ridley Havergal alizaliwa tarehe 14 Desemba 1836 huko Astley, Uingereza. Baba yake, William Henry Havergal, alikuwa kasisi na mtunzi wa tuni za nyimbo za kanisa. Mama yake alifariki mwaka wa 1848, Frances akiwa na miaka 11.

Alijaliwa vipawa vingi. Alisoma Ujerumani, akajifunza lugha kadhaa, zikiwemo Kiebrania na Kigiriki. Alipiga piano kwa ustadi, na sauti yake ilipendwa katika matamasha. Sifa za watu zilikuwa karibu naye, lakini moyo wake ulibaki na kiu. Mwishoni mwa mwaka wa 1873 alitambua kuwa furaha aliyoitafuta ingepatikana kwa kumwachia Mungu yote.

Februari 1874 alitembelea nyumba ya watu kumi, akamwomba Mungu awabariki wote kabla hajaondoka. Maombi yalijibiwa. Usiku wa mwisho furaha ilimkosesha usingizi, akatunga wimbo wa kumtolea Bwana maisha, mikono, miguu, sauti, fedha na dhahabu. Sauti aliitoa kweli: aliamua kuimba nyimbo za Mungu pekee.

Hata hivyo, vito vyake vilibaki kisandukuni miaka minne. Mwezi Agosti 1878 ndipo ubeti wa fedha na dhahabu ulipomgusa mwenyewe. Alifungasha vito karibu hamsini, pamoja na kisanduku chenyewe cha thamani, akavipeleka kwa shirika la CMS viuzwe kwa ajili ya Injili. Vichache vya kumbukumbu ya wazazi na mpwa wake alibaki navyo, lakini akalipa thamani yake ili sadaka isipungue. Alishuhudia kwamba hajawahi kufungasha mzigo kwa furaha kama ile.

Shirika hilo ndilo lililomtuma Johann Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844. Kwa hiyo sadaka yake iliingia katika kazi ile ile iliyotuletea Injili.

Frances alilala katika Bwana tarehe 3 Juni 1879, akiwa na miaka 42. Hata saa zake za mwisho aliimba, ingawa kwa sauti hafifu.

Wanakwaya wenzetu, leo tuna sare mpya, vyombo na makofi ya wageni. Tunamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini sare huchakaa, na makofi hukoma kabla hatujafika nyumbani. Kila mmoja wetu ajiulize ni ubeti gani anaouimba kila Jumapili ambao bado umefungiwa kisandukuni. Tukiufungua, Bwana mwenyewe atatutosha.