Mel Blanc: sauti ya sungura Bugs Bunny, mutu aliyedai jina lake

Mu Kambove, sawa na mu vijiji vingi vya Haut-Katanga, mutoto anakomaa akisikia hadithi za Kalulu, munyama mudogo mwenye akili anayewashinda wakubwa wenye nguvu. Hadithi za namna hiyo zilivuka bahari pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani, zikafika Marekani, na kule sungura akaitwa Brer Rabbit. Mu mwaka wa 1940, sungura mwingine akatokea mu filme za michoro za Hollywood. Jina lake Bugs Bunny, karoti mukononi, bila woga mbele ya bunduki. Watoto wengi wa huku wanamujua kwa Kifaransa. Lakini sauti yake ya kwanza ilikuwa ya mutu mumoja, Mel Blanc, na kwa miaka mingi watu walichekeshwa naye bila kujua jina lake.

Mel Blanc alizaliwa tarehe 30 Mei 1908 mu San Francisco, mu familia ya Wayahudi, akakomalia mu muji wa Portland, jimbo la Oregon. Jina la familia lilikuwa Blank, neno ambalo kwa Kiingereza ni kitu kitupu, kama karatasi isiyoandikwa kitu. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwalimu mumoja alimutabiria kuwa atakuwa sawa na jina lake: mutupu, bure. Alipofika miaka 16, akabadilisha herufi ya mwisho. K ikawa C.

Kazi yake ilianzia ku redio. Mu 1927 alikuwa anasikika ku KGW, redio ya Portland. Mu 1933 akaoa Estelle Rosenbaum, na wote wawili wakaanza kutangaza kipindi cha kuchekesha ku redio nyingine ya muji ule, KEX. Pale kulikuwa shida moja ambayo watu wa redio ndogo wanaijua sana: makuta ya kulipa wachezaji wengine hayakuwako. Basi Mel akafanya sauti zote yeye mwenyewe, moja kisha nyingine, mbele ya mikro moja. Ukosefu wa makuta njo ulimufundisha kazi.

Kisha wakahamia Los Angeles. Filme za michoro za Warner Bros. zilikuwa zinatengenezwa mu studio ya bwana Leon Schlesinger. Mel akaenda kubisha mulango. Mutu aliyekuwa anasimamia kazi ile akamujibu kwamba sauti wako nazo za kutosha. Mel akarudia kila kisha juma mbili, kwa zaidi ya mwaka muzima, na jibu halikubadilika. Baadaye mwingine akashika nafasi yake, akakubali kumusikiliza, akacheka, na Mel akapata kazi. Sauti ya kwanza waliyomupa, mu 1937, ilikuwa ya ngombe dume mulevi.

Mwaka ule ule wakamupa Porky, nguruwe mwenye kigugumizi. Mutu aliyemutangulia, Joe Dougherty, alikuwa na kigugumizi cha kweli, hakuweza kukizuia, na kurekodi kulikuwa kunakula wakati na makuta. Mel akatengeneza kigugumizi cha kipimo: kinaanza na kuisha pale anapotaka. Mu filme hiyo ya kwanza ya Porky, bata Daffy vilevile akazaliwa, naye akapewa sauti ya Mel.

Mu Julai 1940 ikatoka filme fupi ya Tex Avery, A Wild Hare. Ndani yake muwindaji Elmer anamutafuta sungura, na sungura anamuzungusha, anajifanya amekufa, mupaka muwindaji mwenyewe analia. Kazi yote ilianzia ku sauti: wachezaji wanarekodi kwanza, kisha wachoraji wanafwatisha midomo na mwili wa munyama. Kwa hiyo karoti ilipaswa kusikika kama karoti. Mel hakupenda karoti. Walijaribu vitu vingine, tofaa na seleri, lakini hakuna kilicholia vile mu meno. Basi alikuwa anauma, anatafuna kidogo, kurekodi kunasimama, anatema, kisha anaendelea kusema.

Wakati ule alikuwa anafanya kazi mu studio nyingine pia, ya Walter Lantz, ambako alimupa ndege Woody Woodpecker kicheko chake. Mu 1941 Warner ikamufunga na kontra: sauti yake isiende tena mu filme za michoro za wengine. Mel akaondoka kwa Lantz, lakini kicheko kilibaki, na waliendelea kukitumia. Akawashitaki. Tribinali ikamukatalia. Lantz akamulipa kwa mapatano, inje ya tribinali. Mel akafahamu kwamba sauti ikishatoka mu kinywa, inaweza kuwa mali ya mwingine.

Kisha likakuja jambo la jina. Mel alimuomba Schlesinger mushahara uongezwe. Schlesinger akakataa. Mel akasema basi, kama makuta hapana, waandike jina lake mwanzoni mwa filme. Lile halikugarimu kitu, tajiri akakubali. Kuanzia 1944 watu wakaanza kusoma mu sinema kwamba sauti ni za Mel Blanc. Mu 1946 akapata kipindi chake mwenyewe ku redio ya CBS.

Lakini jina lile lilikuwa na upande wa pili. Lilikuwa lake peke yake. Arthur Q. Bryan, aliyempa muwindaji Elmer sauti, alikuwa anasema mu filme zile zile, na jina lake halikuandikwa. Mulango ambao Mel alifungua, wengine hawakupita.

Tarehe 24 Januari 1961, motokari ingine iligongana uso kwa uso na yake ku Sunset Boulevard, mu Los Angeles. Miguu yote miwili ilivunjika, na kichwa vilevile. Karibu juma mbili alilala bila fahamu. Familia ilimuita, waganga walimuita, hakujibu. Siku moja muganga akamuuliza Bugs Bunny hali yake. Mel akajibu, na sauti ya sungura. Alipotoka mu lopitalo, mwili ukiwa bado umefungwa plasta, mikro zililetwa karibu na kitanda chake, na wachezaji wenzake wa The Flintstones wakaja kurekodi naye nyumbani.

Mel Blanc alikufa tarehe 10 Julai 1989 mu Los Angeles, na miaka 81. Ku kaburi lake waliandika jina, na neno ambalo Porky alikuwa anafungia filme. Jina lake leo linajulikana inchi nyingi. Yule ambaye watoto wa huku wanamusikia kwa Kifaransa, aliyekuwa sauti ya sungura kwa miaka mingi, alikuwa Mufaransa Guy Piérauld. Jina la huyo, ni wachache sana wanalijua.